Namba 417 Ina Mchanga

Mama mdogo alishuka kwenye bajaji mbele ya geti letu hapa Ilazo, Dodoma, deli la bluu amelikumbatia kifuani, kanga ameizungusha juu ya mfuniko kuzuia jua la Oktoba. Nikamwamkia, nikanyoosha mikono nimpokee mzigo. Hakuuachia.

"Marahaba. Sikiliza kwanza, mwanangu. Leo sitaki mtu aniambie tamu."

Ndani ya deli kulikuwa na aiskrimu yake ya maziwa, na vikopo vya ubuyu alivyovitenga mafungu mawili. Biashara imelala, alisema. Watoto wa shule waliokuwa wakijipanga mlangoni kwake Nkuhungu siku hizi wanapitiliza hadi duka la mbele. Akiwaonjesha ndugu, jibu ni lile lile: tamu sana, mama, tamu sana, dada. Wanaondoka, na friza linabaki limejaa.

"Wewe si mwalimu wa kemia? Huko shuleni mnapimaje kitu bila kumwonea mtu haya?"

Wiki nyingi zimepita na swali hilo halijaniachia.

Barafu zilizonunua madaftari

Nililelewa kwake kwa miaka kadhaa, mama yangu alipokuwa akifanya kazi mbali. Friza jeupe lilikaa sebuleni kuliko na heshima zote, juu yake kitambaa cha kufuma na redio. Alfajiri alikuwa anachemsha maziwa, anayapoza, anatia sukari na hiliki, anayamimina kwenye vifuko virefu na kuvifunga fundo. Za ukwaju zilifungwa jioni. Sare yangu ya shule, madaftari yangu, hata nauli ya kwenda kufanya usaili wa chuo, vyote vilitoka humo.

Sasa mtu wa namna hiyo anapokuletea kijiko mdomoni na kukuuliza "Vipi?", unajibu nini?

Unajibu tamu sana. Na unaposema hivyo hudanganyi, maana kinachokujia mdomoni si maziwa na sukari peke yake. Ni alfajiri zile zote.

Lakini mtoto wa darasa la nne anayepita na shilingi mia tano mkononi hana alfajiri hizo. Anajua kilichomo kwenye kikopo tu.

Kwa nini namba

Niliamua tufanye jaribio la kuonja kama wanavyofanya wenye viwanda vya chakula, kwa vitu vilivyomo nyumbani. Nilinunua aiskrimu za vanila za kampuni mbili tofauti, kopo moja kwa kila kampuni. Nikaziweka pamoja na ya maziwa ya mama mdogo. Zote nyeupe, zote kwenye vikombe vya plastiki vinavyofanana.

Kuficha mfuniko si jambo dogo, na sisi wa Dodoma tunaolima zabibu na kukamua mvinyo tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux, Ufaransa. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno yanayotumika kuelezea mvinyo mwekundu. Hao ni watu waliokuwa wakisomea kuonja. Macho yalikwisha kuamua kabla kinywaji hakijagusa ulimi.

Kwa hiyo hakuna jina, hakuna kopo. Hata herufi A na B nilizikataa, na namba moja na mbili vilevile, kwa sababu mtu akiona "1" tayari moyo wake umeipa nafasi ya kwanza. Waonjesha-chakula hutumia namba za tarakimu tatu zisizo na maana yoyote. Nikaandika 417, 862, 295 na 638.

Nne, wakati aina ni tatu. Vikombe viwili kati ya hivyo vilikuwa aiskrimu ile ile kutoka kopo lile lile la dukani, na hakuna aliyeambiwa. Nilitaka kujua ndimi zetu zinaaminika kiasi gani kabla ya kuamini chochote zitakachosema juu ya kazi ya mama mdogo.

Waonjaji walikuwa saba: mama yangu, mke wangu, kaka yangu mkubwa, watoto wetu watatu, na kijana wa jirani anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila mmoja alipewa mpangilio wake wa vikombe, kwani kinachoonjwa kwanza hupata upendeleo na cha mwisho hukuta ulimi umekufa ganzi. Kati ya kikombe na kikombe, maji ya kawaida yasiyo ya friji, na kipande cha mkate mtupu. Kuzungumza marufuku. Kila mtu na karatasi yake, bila jina.

Mimi sikuonja, kwa kuwa nilijua namba. Sikukaa mezani pia. Uso wa anayejua husema hata mdomo ukiwa umefungwa. Nililiacha sinia nikarudi jikoni. Mama mdogo alikwenda uani, akakaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, mgongo ameuelekeza nyumba. Alisema hataki kuona sura ya mtu.

Nyumba nzima ikanyamaza.

Sijawahi kusikia familia yetu ikila kimya namna ile. Kawaida kaka ndiye anayetangulia kusema: hii nzuri, hii bure. Akishasema, wadogo hufuata. Si kwa woga, ni malezi. Mkubwa akishasifu chakula mezani, nani atanyanyua shingo apinge? Siku ile kaka alikuwa na penseli tu kama kila mtu.

Karatasi

Nilizikusanya, nikazisoma jikoni peke yangu kwanza.

Kaka, ambaye mwandiko wake ninaujua, alizipa nafasi ya kwanza na nafasi ya mwisho zile mbili zilizotoka kopo moja. Mke wangu alizitenganisha kwa nafasi moja. Ni binti yetu wa kati pekee aliyeziweka pamoja na kuandika pembeni, "hizi zinafanana".

Hapo nilisimama kidogo. Kama mtu mzima makini anaweza kuisifu na kuiponda aiskrimu ile ile ndani ya dakika chache, basi orodha ya nani wa kwanza na nani wa mwisho ina uzito mdogo kuliko tunavyoupa. Ilibidi niache kutafuta mshindi, nitafute neno ambalo watu wengi wamelirudia bila kusikilizana.

Neno lilikuwepo.

"417 ina mchanga," kitindamimba wetu wa miaka sita ameandika kwa herufi kubwa, moja imegeuka. Kijana wa jirani: "chengachenga". Mke wangu: "inakwaruza kidogo, ladha nzuri". Na karatasi moja yenye mwandiko wa mlalo, mwandiko wa watu waliosoma shule zamani, ikasema: "417 maji mengi."

Ule mwandiko ni wa mama yangu. 417 ilikuwa ya mdogo wake.

Mama yangu ni mtu aliyefundishwa, na akatufundisha, kwamba chakula hakisemwi vibaya. Kikiwa na chumvi nyingi unakunywa maji, unashukuru, unanyanyuka. Kwa miaka yote nimemsikia akimsifia mdogo wake barafu. Na hapa, kwenye kipande cha karatasi kisicho na jina, ameandika kitu ambacho angekufa nacho.

Nikatoka na karatasi mkononi. Njia ya kutoka jikoni hadi kwenye mwarobaini ni fupi, lakini niliwaza mengi. Nisome yote? Nipunguze makali? Niseme "wengine wameona kama kuna chenga kwa mbali"?

Nilisoma yote, neno kwa neno, ila sikusema mwandiko ni wa nani.

Mama mdogo alisikiliza akichora mchangani kwa kijiti. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Mchanga wameusema wangapi?"

"Watano, mama mdogo."

"Haya. Tuendelee na ubuyu."

Sukari ya mwaka 2024

Mafungu mawili ya ubuyu yalikuwa na sababu yake. Sukari ilipoadimika na kupanda bei mwanzoni mwa mwaka 2024, mama mdogo alipunguza kipimo. Bei iliposhuka hakukirudisha, kwa sababu kila alipouonja mchanganyiko sufuriani aliona uko sawa, na hakuna ndugu aliyelalamika. Swali alilokuja nalo lilikuwa hili: je, mtu anaweza kuitambua tofauti hiyo, au ni wasiwasi wake tu?

Kwa swali kama hilo kuna njia safi sana. Unampa mtu vikombe vitatu, viwili vya aina moja na kimoja cha aina nyingine, kisha unamwuliza kipi ni mgeni. Basi. Humwulizi kipi kitamu. Anayebahatisha atapatia mara moja kwa kila tatu. Mwingereza Ronald Fisher, aliyetunga misingi mingi ya takwimu tunayofundisha leo, alieleza mwanzoni mwa kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu majaribio habari ya mwanamke aliyedai anaweza kutambua kama maziwa yametangulia kikombeni au chai. Vikombe vinane, vinne vya kila namna. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya 70 ya kuvipatia vyote. Naipenda habari hiyo kwa kuwa inamchukulia kwa uzito mtu anayesema "naonja tofauti". Fisher hambishi. Anampangia vikombe.

Kati ya saba wetu, watano walimpata mgeni.

Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani wa kidato cha tatu. Watu saba wakibahatisha tu, watano au zaidi kupatia hutokea chini kidogo ya mara tano kwa mia. Kwa familia ya mezani huo si ushahidi wa mahakamani, ila unatosha kumfanya mtu arudishe sukari.

Ndipo mambo mawili yalipokutana kichwani mwangu, mchanga na sukari.

Mama mdogo huonja mchanganyiko ukiwa vuguvugu. Ulimi hauhisi utamu sawasawa kwenye joto na kwenye baridi. Mwaka 2005 kundi la Karel Talavera, huko Leuven nchini Ubelgiji, lilieleza kwenye jarida la Nature kwamba mlango mmoja mdogo kwenye seli za ladha, unaoitwa TRPM5, hufanya kazi kwa nguvu zaidi kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35. Ndiyo maana aiskrimu iliyoyeyuka inachosha kwa utamu, na ile ile ikiwa imeganda iko sawa. Kilichomtosha sufuriani hakikuweza kumtosha mtoto anayeilamba ikiwa imeganda.

Halafu sukari haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Ikiyeyuka kwenye maji inayazuia yasigande yote, na sehemu ya maji hubaki kimiminika hata ndani ya friza. Hiyo ndiyo inayoifanya aiskrimu ikubali kijiko. Ukipunguza sukari, na maziwa ukayaongezea maji ili yafike, umeongeza barafu. Barafu ikiganda polepole, kama inavyoganda ndani ya friza la nyumbani lililojaa, hujenga chembe kubwa, na ulimi wa mtu huanza kuzihisi zikikaribia sehemu ya ishirini ya milimita. Umeme ukikatika mchana, chembe ndogo zinayeyuka; ukirudi, yale maji yanagandia kwenye chembe kubwa zilizobaki, nazo zinazidi kukua. Kila katizo linaongeza mchanga.

Tulipima na uzito. Kopo la dukani la lita moja lilikuwa karibu nusu ya uzito wa lita moja ya mama mdogo. Nusu nyingine ni hewa, iliyopigwa na mashine wakati wa kugandisha. Mama mdogo alishika kopo mkono huu, lake mkono huu, akatikisa kichwa. Miaka yote amekuwa akiwapa watoto chakula zaidi kwa bei ile ile, na wanaona cha mwenzake ndicho laini.

Kushukuru

Jioni ile, wengine wakiosha vyombo, nilimwomba radhi kwa jinsi ukweli ulivyomfikia. Alinitazama kwa mshangao.

"Nyinyi huwa mnanishukuru," akasema. "Nasikia, na napokea. Lakini mimi nilikuwa nauliza habari ya barafu."

Hiki ndicho kilichonikaa rohoni. Nilikuwa nimeliona jambo hili kama vita kati ya adabu na ukweli, kwamba mmoja lazima amshinde mwenzake. Yeye hakuliona hivyo hata kidogo. Kwake yalikuwa maswali mawili, kila moja lina heshima yake, na kwa miaka mingi tumekuwa tukimjibu moja mara mbili.

Nimejaribu kulipinga wazo hili, kwa sababu nina mashaka nalo. Mama yangu hakufurahi. Siku iliyofuata aliniambia kwamba mtoto wa miaka sita kuandika chakula cha bibi yake kina mchanga ni jambo atakalolibeba hadi ukubwani, na kwamba siku moja atalisema bila karatasi, mbele ya mwenye chakula. Sikuwa na jibu. Nyumba ambayo kila sahani inapewa alama si nyumba ninayotaka kulea watoto. Wageni wetu, hasa wanaotoka vijijini kuleta kidogo walicho nacho, hawakuja kuhukumiwa.

Lakini mama huyo huyo ndiye aliyeandika "maji mengi". Alijua. Na nadhani alikuwa akisubiri mahali pa kuliweka neno hilo ambapo lisingemuumiza mdogo wake. Namba ilimpa mahali hapo. Hakumsema mtu. Alisema 417.

Tofauti ninayoiona sasa ni nani ameomba. Mama mdogo alibeba deli lake kutoka Nkuhungu na kuomba kwa kinywa chake. Aliyeleta ubuyu wa zawadi hakuomba chochote zaidi ya asante. Nimemweleza kitindamimba hivyo, na amenielewa kuliko nilivyotarajia, aliniuliza, "Kwa hiyo nasubiri aniulize?"

Ndoo na chumvi

Wiki zilizofuata tulikuwa kazini. Sukari ilirudi kipimo cha zamani, na mama mdogo sasa anaonja kijiko kilichoganda, hatoi hukumu sufuriani. Maji yameondoka, badala yake anatia maziwa ya unga, yanayoshika maji na kuupa mchanganyiko uzito mdomoni. Ubuyu anaukoroga pembeni hadi uwe rojo na kuutia maziwa yakiwa yamepoa kabisa, kwani uchachu wake ukikutana na maziwa ya moto yanakatika. Hilo alilijua tangu zamani, mimi ndiye niliyejifunza kwake.

Kasi ya kugandisha ndiyo iliyotusumbua. Friza jipya halipo kwenye mipango. Tukarudi kwenye njia ya kabla ya umeme: sufuria nyembamba ndani ya ndoo, katikati barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na kuyeyuka huvuta joto kutoka kila kilicho karibu. Barafu na chumvi vikichanganyika barabara vinaweza kushuka hadi kama nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kuliko friza lake. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Marekani alipata hataza ya mashine ya mkono iliyofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Sisi tuna mwiko na mikono ya watoto. Wanakoroga kwa zamu, wakikwangua kingo, hewa inaingia, chembe hazipati nafasi ya kukua. Ikishakuwa nzito kama uji wa ulezi inaingia kwenye vikopo na kwenda frizani kumalizia.

Tulionja tena, namba mpya, karatasi mpya. Neno mchanga halikutokea.

Ng'ong'ona

Mama mdogo hakuridhika. Alisema ndugu wanaweza kumwambia kama kitu kimebadilika, lakini si ndugu wanaonunua. Akaniomba nimwandikie namba kwenye vikopo vya ubuyu, akakata karatasi ndogondogo, akachukua deli na kwenda Ng'ong'ona wanakopanga wanafunzi wa chuo. Alikaa mlangoni kwa mama ntilie mmoja anayefahamiana naye, akawa anaonjesha bure kwa sharti la kuandika.

Alirudi na mfuko wa karatasi. Wachache walisifu ulaini, na yeye akatabasamu kidogo, akaziweka kando. Fungu alilonipa nisome lilikuwa jingine. Mmoja baada ya mwingine, kwa miandiko tofauti, walikuwa wameandika kitu ambacho hakuna aliyekiwaza mezani kwetu: wekeni pilipili, na chumvi kidogo, kama ubuyu wa mtaani.

Ameshanunua pilipili kichaa soko la Majengo. Anataka vikopo vya viwango vitatu, na amenipigia kuuliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanatoka saa ngapi.